Kona Aliyoiacha Senje Nekesa

Wiki iliyopita nilizunguka mtaa wetu wa Fedha, hapa Nairobi, na mkebe mtupu mkononi, nikiomba jivu. Mama mzima, mwimbaji wa kwaya, nabisha mlango kwa mlango kuuliza watu kama wana jivu la kunigawia. Mlinzi wa getini aliniangalia kwa huruma, nadhani alifikiri nimetumwa na mganga. Majirani zangu wote wanapikia gesi. Mwishowe nililipata kwa mwanamke anayechoma mahindi karibu na steji ya matatu, na yeye naye alitaka kujua ni la nini. Nikamwambia ni la kusugulia wavu wa oveni. Akacheka kidogo, akaniambia siku hizi kuna dawa ya kupuliza, unapuliza, unangoja dakika chache, unafuta. Najua. Ninayo chini ya sinki, chupa mbili.

Nilililowesha jivu kwa maji kidogo ili upepo usilipeperushe njiani, na hapo harufu yake ikapanda. Kama hujawahi kunusa jivu la makaa lililoloa, ni kama mvua imenyesha ndani ya jiko. Nilisimama pale kando ya barabara nikamwona Senje Nekesa kwenye bomba la Kaloleni, gauni amelikunja magotini, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akiimba sauti ya pili ya wimbo ambao hakuna aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza. Nilishikwa na hamu ya kumwona hata nikashindwa kutembea. Na wakati huo huo alikuwa nyumbani kwangu, hatua mia mbili hivi, amelala kwenye kitanda cha binti yangu, akiningoja nilete jivu.

Senje kwetu ni dada ya baba. Huyu alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyekuja kukaa nasi Nairobi nilipokuwa na miaka mitano au sita, baada ya kumaliza shule huko nyumbani. Tulikuwa tukikaa Kaloleni, katika zile nyumba za mawe za kaunsili zenye vigae vyekundu, baba akifanya kazi karakana ya reli. Vyumba vilikuwa viwili. Baba na mama kimoja, kaka zangu walitandika sebuleni, na mimi nikapewa kulala na Senje kwenye kitanda cha chuma kilichokuwa jikoni, nyuma ya pazia. Nilikuwa nalala upande wa ukuta ili nisianguke. Alikuwa na tabia ya kunifunika masikio kwa shuka, maana mama yake alimwambia baridi huingilia masikioni, na hadi leo siwezi kulala masikio yakiwa wazi.

Lakini niseme kwanza habari ya oveni, maana bila hiyo hakuna kisa. Baba alisikia kwa mwenzake kazini kwamba kuna Wazungu wanaohama nchi na wanauza jiko la gesi la kusimama, lenye oveni chini. Likaja Kaloleni juu ya mkokoteni, limefungwa kwa kamba, na watoto wa mtaa mzima nyuma yake. Nilitembea mbele kabisa nikiwa nimeshika kamba iliyoning'inia, ili ijulikane ni la kwetu. Lilijaza nusu ya chumba cha kupikia. Mama alilizunguka, akauliza yeye sasa atasimama wapi. Hata hivyo haukupita muda akawa anaoka keki za ubatizo na za harusi zilizofanyika katika ukumbi wa mtaa, na siku za Jumapili anachoma kuku wa watu, na jina lake likafika mpaka Makongeni.

Jiko lilikuja na nyavu mbili za oveni. Hazikutosha, kwa hiyo baba akachomelea wa tatu karakana, kwa vyuma vinene alivyoviokota. Wavu wa baba ulikuwa mzito kuliko zile mbili zikiwekwa pamoja, tena ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole, hivi kwamba ukiuvuta bila kuushikilia kwa chini unakudondokea. Sote tuna alama yake. Yangu iko juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, na nikiwa na wasiwasi huwa naisugua bila kujua.

Shida ilikuwa mafuta. Kuku akichomwa, mafuta yake yanatiririka juu ya nyavu, yanaungua, yanaganda na kuwa kama lami. Ukioka keki siku ya pili bila kuzisugua, keki inanukia kuku, na bibi harusi gani atakubali. Hiyo ikawa kazi ya Senje, kila Jumamosi, na aliifanya kwa namna yake ambayo sijaona mtu mwingine akiifanya. Ijumaa jioni alizilaza nyavu juu ya gunia, akazipaka tope la jivu pande zote, akazifunga na gunia jingine lililoloa, akaziacha zilale nyuma ya nyumba. Asubuhi alizifungua. Usiku ule jivu lilikuwa limeyala mafuta yakawa laini kama sabuni, na alichobaki nacho ni kusugua kwa gunzi la mahindi, fimbo moja ya chuma baada ya nyingine, akizigeuza bombani mpaka maji yatoke safi.

Kazi yangu ilikuwa kuleta jivu. Niliitwa fundi wa jivu. Ijumaa nikitoka shule nilichukua mkebe wa maziwa ya watoto, uliotobolewa na kutiwa waya wa kushikia, nikapita nyumba hadi nyumba. Nilijua jivu la kila mtu. La jirani yetu Mama Halima lilikuwa bora kuliko yote, jeupe, laini, amelichekecha kwa sababu alilitumia kuoshea vyombo vyake mwenyewe, na aliponipa alinitilia tende moja juu ya kifuniko. Nilirudi nimepakaa hadi kwenye nyusi. Senje alilishika jivu kwa vidole viwili, akalisugua, akasema leo umeleta dawa. Sijawahi tena kupata kazi niliyoipenda vile, na nimefanya kazi nyingi.

Kisha akaja Mwalimu.

Alikuwa kijana mrefu aliyesomesha shule moja upande wa Kitale, rafiki wa rafiki ya baba. Alikuja Jumapili moja akiwa na viatu vilivyong'aa kupita kiasi, akala vipande vitatu vya keki, akaniuliza saba mara nane ni ngapi. Sikumpenda. Akaja tena mwezi uliofuata, na mara hiyo Senje alivaa gauni lake la maua na akawa anacheka kabla mtu hajamaliza kusema. Kaka yangu Simiyu, aliyekuwa darasa la saba na kujifanya mjuaji wa dunia yote, ndiye aliyenifafanulia. "Huyo msee amekuja kumuoa Senje. Ataenda naye ocha kabisa, huko Kitale. Kwani wewe hujajua?"

Sikuwa nimejua. Nilikuwa nimedhani Senje ni wa nyumba, kama jiko.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyuma ya pazia, juu ya kitanda chetu, natafuta soksi. Mama alikuwa anapima unga na Senje anampakia mikebe siagi. Nikamsikia Senje akiuliza, kwa sauti ya chini sana, kama mama angemruhusu kuondoka mwisho wa mwaka, watu wa Mwalimu wakija kuongea na baba. Mama hakuinua kichwa.

"Nekesa," akasema, "wewe huondoki hapa mpaka hizo nyavu zing'ae nione uso wangu."

Senje akacheka. Mama naye akacheka. Ni mimi tu niliyekaa nyuma ya pazia na soksi moja mkononi bila kucheka. Inabidi mwelewe mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Akisema hakuna kucheza mpaka vyombo vioshwe, hata mgeni afike hakuna kucheza. Akisema nguo hii haivaliwi mpaka Krismasi, inakaa ndani ya sanduku mpaka Krismasi, hata kama imeshakuwa fupi. Neno lake lilikuwa sheria, na mimi nililishika kama sheria. Senje ataondoka nyavu zikitakata. Kwa hiyo nyavu zisitakate.

Nilianza siku ile ile. Senje alikuwa amezianika juu ya ua ili zikauke kwa jua, yeye akaingia bafuni kuoga. Nilichota mafuta ya kupikia kwenye mkebe, yale mazito meupe, nikayachanganya na masizi niliyoyakwangua chini ya sufuria, nikapaka kwa vidole. Nilichagua wavu wa baba, kwa sababu vyuma vyake vilikuwa vinene. Mama alipokuja kuzichukua, akapitisha kidole, kikatoka cheusi.

"Nekesa, hizi unasugua ama unazibembeleza?"

Senje alitoka bafuni na taulo kichwani, akautazama wavu. Aliutazama kwa muda, akauinua akauangalia kwa karibu, kisha akachukua gunzi, akarudi bombani.

Nilifanya hivyo Jumamosi tano au sita. Mama akawa anazidi kuwa mkali, akisema msichana akishaanza kufikiria bwana mikono yake hulegea. Senje alisugua mara mbili kila Jumamosi, na ngozi ya vidole vyake ikapasuka kwa jivu, akawa anavipaka mafuta ya nazi aliyopewa na Mama Halima. Usiku nilimshika ile mikono ilivyokuwa inakwaruza na nikasikia uchungu hasa. Lakini sikuacha. Nilikuwa nimehesabu kwamba mikono itapona, na akienda hatarudi. Hata sasa nikiwa mtu mzima sioni nilikosea wapi katika hesabu hiyo.

Wala sikujiuliza kwa nini alizidi kuzianika pale pale juu ya ua, mahali ninapofika, kisha akaenda kuoga kwa muda mrefu vile.

Watu wa Mwalimu wakapanga siku. Wangekuja saba, wazee wanne na akina mama watatu, kuongea na baba na kumwona msichana. Mama aliazima viti kwa Mama Halima na vikombe kanisani. Kulikuwa na kuku, wali, chapati, na keki kubwa ya kuonyesha kwamba hata sisi tuna kitu. Siku hiyo Mama alikagua nyavu mwenyewe, moja moja, na zilikuwa safi. Zikaingizwa ndani ya oveni. Nikaona mambo yameisha.

Mama alipotoka kuvaa, nilifungua mlango wa oveni iliyokuwa bado haijawashwa. Sikuwa na muda wa masizi. Nilichota mafuta kwa mkono mzima, nikaupaka wavu wa baba kwa nyuma na kwa chini, kila mahali vidole vilipofika, nikajipangusa kwenye sketi ya ndani. Nilikuwa nikiomba huku nikipaka. Nilimwomba Mungu wageni waone.

Oveni ilipopata moto, moshi ulianza kutoka kwa mlango. Kwanza kidogo, kisha ukajaa jikoni kote, ukaingia sebuleni walikokwisha kuketi wazee, na mmoja wao akaanza kukohoa. Mama alifungua madirisha, akapepea kwa gazeti, akakuta keki imeiva kwa juu na rangi yake si mbaya. Hakukuwa na nyingine. Akaikata, akaipeleka, uso umemkaza.

Mama yake Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ambaye tangu aingie hakuwa amesema zaidi ya salamu. Senje alikuwa amepiga magoti mbele yake na birika la kunawisha mikono. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, mikono mgongoni, mafuta yamejaa chini ya kucha. Yule mama aliuma keki. Akatafuna polepole.

"Hii keki ina moshi," akasema. "Nani alisafisha jiko?"

Nilimwona mama yangu akimgeukia Senje. Na nilimwona Senje, kabla hajajibu, akinitazama mimi. Aliniangalia tu pale nyuma ya mlango, mikono yangu ikiwa mgongoni, kisha akarudisha macho chini.

"Ni mimi, mama. Sikusugua vizuri."

Yule mama aliendelea kumtazama. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia, akacheka, kicheko kizito cha kutoka tumboni. Akasema kwamba katika nyumba zote alizoingia tangu azaliwe, kitu kikiharibika huambiwa ni mtoto aliyeharibu. Maziwa yamemwagika, ni mtoto. Chungu kimepasuka, ni mtoto. Huyu ni msichana wa kwanza anayemwona kukubali la kwake na hali mtoto yuko hapo mlangoni. Akauma tena ile keki, akaomba chai. Mazungumzo ya wazee yakaenda vizuri kuliko mtu yeyote alivyotegemea.

Kwa hiyo ni mimi niliyemwoza Senje. Nimeishi na jambo hilo.

Siku aliyoondoka ilikuwa asubuhi yenye ukungu. Sanduku lake lilikuwa sebuleni, limefungwa kwa kamba ile ile iliyokuja na jiko. Nilikataa uji. Simiyu aliniuliza ninalia nini na ni harusi, si tutakula manyama. Senje alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye bomba. Wavu wa baba ulikuwa umelazwa juu ya gunia. Alikuwa ameusugua alfajiri, na ulikuwa unang'aa kote, isipokuwa kona moja, upana wa kiganja changu, ambayo ilikuwa bado nyeusi na mafuta yamegandamana.

"Unaona hapa?" akaniambia. "Hapa sijamaliza. Nitarudi nimalize. Wewe usiache mtu apaguse."

Kisha akachukua vidole vyangu, akavinusa, akanikanya taratibu.

"Na mafuta ya kupikia si ya kuchezea, Naliaka. Ule moshi ulitosha."

Alijua. Alijua tangu Jumamosi ya kwanza, alipouinua wavu na kuuangalia kwa karibu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeacha alama zake, ndogo tano, kama mtu aliyepiga muhuri. Nilimkumbatia miguu. Baba ilibidi aje anibandue.

Nililinda kona ile kama askari. Mama alitaka kuimaliza Jumamosi iliyofuata, nikalala juu ya wavu, kwa tumbo, nikapiga kelele mpaka Mama Halima akaja kuuliza mtoto amefanywa nini. Mama aliniangalia, akaangalia wavu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona sheria yake ikivunjika. Akasema basi, hiyo kona tutaiweka upande wa nyuma. Nadhani hata yeye alikuwa akimkosa. Tangu Senje aende hakuna aliyeimba sauti ya pili jikoni.

Nilimngoja. Nataka kulisema hivyo tu bila kulipamba, kwa sababu nimesoma watu wengi wakiandika kwamba watoto husahau upesi. Kila likizo nilimngoja. Ziliandikwa barua, ndani yake nikaulizwa hali ya kona na mimi nikajibu kwamba iko salama. Alikuja kwa matanga ya bibi tulipokutana huko nyumbani, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na usiku nililala mbali naye kwa sababu upande wa ukuta ulikuwa na mwenyewe. Alikuja Nairobi mara moja kwa siku mbili. Baba alipoachishwa kazi pamoja na wenzake wengi, jiko liliuzwa, tukahama Kaloleni, na mwenye kununua alikataa wavu wa baba kwa kuwa hakuona kazi yake. Mimi nikaubeba. Nimehama nao nyumba sita. Mume wangu anasema alioa mwanamke na chuma chake. Unaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, haulingani na oveni yoyote, na wasichana wote waliowahi kunisaidia kazi wameonywa siku ya kwanza wasiuguse.

Sasa Senje ni mgonjwa. Wanawe walimleta kwangu ili apimwe, na amepimwa kila mahali. Daktari aliniita pembeni anieleze kwanza mimi, akaongea kwa sauti ya chini, na tuliporudi ndani Senje akamwambia asijisumbue kurudia maana mlango ule ni mwembamba. Hakuna la kufanywa zaidi ya dawa za maumivu. Nilimsihi akae kwangu, nina chumba, nina muda. Akasema anataka kwenda kwake Kitale, Jumamosi, akalale penye mahindi yake. Alisema hivyo kwa utulivu ule ule aliokuwa akiulizia ruhusa kwa mama, na mimi nikawa tena nyuma ya pazia.

Ni Jumanne ya wiki iliyopita alipoingia jikoni kutafuta maji akafunga mlango nyuma yake, akauona wavu.

"Kumbe bado uko," akasema. Akaupapasa, akafika kwenye kona, akatulia hapo. Halafu akaniomba jivu. Nilimwambia hapa Fedha hakuna jivu. Akasema fundi wa jivu hajawahi kurudi mkebe mtupu. Nikamwambia auache, Senje, tafadhali, pale ni pangu. Akanijibu kwamba aliahidi kurudi kumaliza, na hataki kwenda na kazi ya watu haijaisha.

Ndiyo maana nilizunguka na mkebe.

Tuliupaka wavu jivu jioni na kuufunga kwa gunia la viazi, na asubuhi alikaa kwenye kigoda pale roshani, jua likimpiga mgongoni, akisugua kwa gunzi nililopewa na mwanamke wa mahindi. Alipumzika mara nyingi. Mikono yake imekuwa myembamba sana, saa inamzunguka. Weusi ule wa miaka yote ulitoka kwa magamba madogo, na chini yake kikatokea chuma cha baba, kipya, kama kimetoka karakana jana. Alipomaliza alinyanyua wavu akanielekezea, akasema nijione uso. Chuma hakionyeshi uso, na hata kingeonyesha nisingeona, maana nilikuwa nalia wazi wazi kama mtu aliyefiwa. Akanipangusa kwa mkono wenye jivu. Nikamlaza, nikamfunika masikio.

Kisha nikaenda roshani kuuanika wavu juu ya vyuma vya kuzuilia. Ulikuwa unang'aa kote. Niliutazama kwa muda gani sijui. Halafu nikaingia jikoni, nikatoa mkebe wa mafuta mazito ninayopikia chapati, nikaokota punje za mkaa zilizobaki ndani ya jivu, nikaziponda kwa kijiko. Nina miaka zaidi ya arobaini. Nilichovya vidole, vyote vitano, nikaipaka ile kona.

Niliporudi mlangoni mwa chumba alikuwa macho.

"Umeuanika?"

"Nimeuanika, Senje."

"Umetakata?"

Nilificha mkono mgongoni. "Kona moja bado," nikasema.

Niliona macho yake yakishuka mpaka kwenye bega langu, yakaufuata mkono ule ulikoishia. Tabasamu lilianza polepole upande mmoja wa mdomo, kisha likaja lote.

"Basi Jumamosi siwezi kusafiri," akasema. "Katafute jivu lingine."

Nikanawa mikono, nikachukua mkebe, nikateremka ngazi mbili mbili.